Mwalimu Kona na Ile Supachaja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni kiti karibu na redio. Na kama mko kwenye usukani, punguzeni mwendo kidogo. Angependa hivyo yule tunayemkumbuka leo.

Leo tunamkumbuka mwalimu wa udereva. Watu walimwita Mwalimu Kona. Alifariki mwezi uliopita kwa maradhi ya moyo, nyumbani kwake, mumewe akiwa pembeni. Mumewe ni fundi wa injini. Yeye alimwita mkewe Mwalimu, na mkewe alimwita yeye Fundi. Wakikasirikiana waliongeza neno moja tu mbele: ndugu Fundi, ndugu Mwalimu. Binti yao akisikia hilo "ndugu", alijua leo mezani hakuna kicheko.

Mwalimu Kona alifundisha wengi. Mwanafunzi akitetemeka kurudisha gari nyuma, alimwambia, "Hebu nisimulie ulikula nini asubuhi." Mwanafunzi aanze: chai, mkate, yai. Akifika kwenye yai gari limeshaingia mahali pake. "Umeona?" anasema. "Kumbe ulichokuwa unakihitaji ni kupumua tu."

Hiyo ilikuwa kazi yake. Furaha yake ilikuwa kwingine. Siku za mapumziko alishindana kwenye uwanja wa mbio za magari, nje ya mji. Gari lake lilikuwa la kijivu, la milango miwili, lenye boneti ndefu. Fundi alilikuta limetupwa nyuma ya karakana, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Akalifufua. Injini aliipanga mwenyewe, pistoni kwa pistoni, mpaka ikawa inaitikia mguu wa mkewe kama mtu aliyeitwa jina.

Kwenye kona hakuna aliyemuweza. Huko ndiko alikopata jina. Lakini baada ya kona ya mwisho kulikuwa na njia ndefu iliyonyooka, na hapo wenye injini kubwa walimpita. Dereva mmoja alikuwa na mchezo wa kumpungia mkono kila akimpita. Wakirudi kwenye vibanda vya magari anamwambia, "Mwalimu, ulifika salama?"

Mwalimu Kona alicheka. Fundi hakucheka. Alisimama kwenye ukuta wa kando ya njia ya mbio, saa yake mkononi, meno yameumana. Kwake yeye, iliyokuwa inapungiwa mkono ni injini yake.

Ndipo, wasikilizaji wapendwa, ikaingia habari ya supachaja.

Fundi aliileta mezani wakati wa chakula. Shemeji yake, yaani dada mkubwa wa Mwalimu Kona, alikuwepo. Fundi akaeleza. Ni gurudumu dogo lenye mapezi, ndani ya nyumba yake ya chuma. Linazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini. Linavuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Na kadiri injini inavyozunguka kwa kasi, ndivyo linavyozidi kusukuma. "Huko chini gari litabaki pole vilevile," akasema. "Juu ndiko litakakokuwa jini."

Shemeji akaweka kijiko chini. "Shemeji, hili gari linaumwa?"

"Haliumwi, shemeji."

"Sasa dawa ya nini?"

Wote wakacheka. Mwalimu Kona aliuliza swali moja. "Na zile pistoni zitahimili?"

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa. Pistoni za lile gari zilipangwa kwa injini inayovuta hewa yenyewe. Zilibana hewa sana. Ukizishindilia hewa ya ziada, mafuta yanaweza kulipuka kabla ya wakati wake, na injini ikajigonga hadi kufa. Dawa ni kufungua injini na kubadilisha pistoni. Lakini kufungua injini kungewakosesha mashindano ya kufunga mwaka. Fundi alijua. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akajiambia ataweka msukumo mdogo, ataongeza petroli, ataipooza hewa. Itatosha. Mezani alijibu tu, "Zitahimili."

Mwalimu Kona alikaa na jambo hilo wiki kadhaa. Alizunguka gari, akafungua boneti, akaifunga. Mwishowe akamwambia mumewe, "Wewe ndiye fundi. Ukisema itahimili, mimi nakuamini."

Fundi alisikia ndiyo. Alikwenda gereji karibu akikimbia.

Siku ya kulijaribu, gari lilipanda kwa mluzi mwembamba ambao halikuwa nao kabla. Mwalimu Kona akarudi, akazima, akashuka.

"Enhe?" Fundi akauliza.

"Lina nguvu."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Lina nguvu sana, Fundi."

Akaingia ndani kuvua viatu. Fundi alibaki pale amesimama, kitambaa mkononi, akisubiri maneno mengine.

Mashindano yakafika. Mwalimu Kona alizichukua kona kama kawaida yake. Kwenye ile njia iliyonyooka, kwa mara ya kwanza, alimpita yule wa kupunga mkono. Safari hii yeye ndiye aliyepunga. Watu ukutani walipiga mayowe. Fundi alilia mbele ya kila mtu na hakujali.

Mzunguko wa mwisho, ule mluzi ukakatika. Pistoni ilikuwa imepasuka. Oili ikamwagika chini ya tairi la nyuma, gari likageuka, likaenda kujibamiza kwenye ukuta wa matairi.

Alitoka mwenyewe, wasikilizaji wapendwa. Alitoka akitembea. Lakini kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevunjika, na hakikuunga vizuri. Kufundisha aliendelea. Kubadilisha gia kwa kasi, kona baada ya kona, hakuweza tena. Hakushindana tena maisha yake yote.

Fundi alipomfikia siku ile alikuwa na maneno mengi mdomoni. Mkewe alisema, "Twende nyumbani." Basi. Hakumlaumu siku hiyo wala siku nyingine. Gari likafunikwa turubai. Fundi akisema atalitengeneza, anajibiwa, "Acha kwanza." Miaka ikapita juu ya hiyo "acha kwanza". Binti yao alikua, akaolewa, akahama. "Baba alikuwa akipita kando ya lile turubai kama mtu anayempita mdai wake," ametuambia. "Alikuwa hata haligusi."

Moyo wa Mwalimu Kona ulipoanza kuchoka, alikaa kibarazani mchana kutwa. Alasiri moja Fundi akavuta kiti. Akauliza alichopaswa kuuliza zamani.

"Mwalimu, kweli ulikuwa unalitaka lile dude?"

Mkewe akamtazama. "Hapana."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha kama mtoto. Mimi nilikuwa napitwa kila wiki, nikirudi nalala fofofo. Wewe ndiye uliyekuwa hulali." Akavuta pumzi. "Na wewe, mbona hukuniuliza?"

Fundi akasogeza kiti chake karibu zaidi.

"Lakini usijidanganye," mkewe akaongeza. "Ile mara moja nilipompita yule bwana, nilifurahi. Nilifurahi kweli." Wakacheka wote wawili mpaka ikabidi amletee maji.

Kesho yake Fundi alitoa turubai. Aliamua kuirudisha injini kama ilivyokuwa, bila mkanda wa ziada, bila mluzi, ili mkewe akae tena kwenye kiti chake, hata kama ni kuzunguka mtaa tu. Mwalimu Kona alimsikia akigonga vyuma, akawa anapiga kelele kutoka kibarazani: "Ndugu Fundi, leo unajenga gari au unabomoa nyumba?" Pistoni zilichelewa kupatikana. Moyo haukuzisubiri.

Juzi, baada ya mazishi na baada ya wageni kuondoka, Fundi alikwenda kumalizia. Alasiri injini ikawaka. Ikanguruma taratibu, sawasawa, sauti yake ya zamani. Jirani akapiga makofi ng'ambo ya ukuta. Na Fundi, mikono imejaa oili, akageukia nyumba akaita kwa nguvu, "Mwalimu! Limewaka!"

Kisha akakumbuka. Akazima.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Fundi. Pole kwa binti, pole kwa dada mkubwa, ambaye ametuomba tuseme kwamba alicheka siku ile mezani ilhali alitamani kubishana. Pole kwa wote waliojifunza usukani mikononi mwa Mwalimu Kona. Mungu ampumzishe kwa amani.

Na wewe unayetusikiliza, huenda leo kuna jambo unalipanga nyumbani, na mwenzako amekujibu kwa upole kwamba wewe ndiye unayejua. Kabla hujashika spana, kaa naye. Muulize yeye anataka nini. Halafu mwache amalize kusema.