Refa Ayamu na Mstari wa Upande wa Mashariki

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Mlioko mezani, endeleeni na chai yenu, mimi nitaongea taratibu. Leo tunamkumbuka Ayamu, fundi cherehani wa barabara ya msikiti, hapa hapa kwetu Cherupadam. Ayamu amefariki Jumatatu, akiwa na miaka sitini na minane. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Ayamu fundi cherehani amefariki Jumatatu, na amezikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri.

Najua kuna nyumba ambazo watu wanaulizana, Ayamu yupi huyo. Basi nitamtaja kwa jina tulilompa wenyewe. Ayamu Tiketi. Sasa mmemjua.

Nitasema ukweli. Nimekaa mbele ya kipaza sauti hiki tangu saa moja na sijui kama nina huzuni au sina. Nimekufa ganzi. Msibani sikuona watu wakilia, isipokuwa mkewe, Biyyathu, na binti yao, Ramla. Sisi wengine tulikaa kwenye viti vya plastiki tukitazama viatu vyetu, kisha tukaletewa pathiri, mikate myembamba ya mchele, na nyama, tukala.

Ayamu alikuwa na jicho. Ukiingia dukani kwake alikutazama mara moja tu, akasema, "Bega kumi na nane, tumbo tusiliongelee," ndipo akavuta futi yake shingoni kuhakikisha. Alikuwa hakosei. Ramla ameniambia hivi: "Siku ya kunishonea nguo ya harusi baba alinipima kwa macho, akanipima kwa futi, akaniambia, 'Umepungua tangu Ijumaa, kula.'"

Na kwa miaka kumi na minne, wasikilizaji, Ayamu alikuwa refa. Alichezesha mpira wetu wa watu saba saba, huu tunaoucheza kwenye majaruba mpunga ukishavunwa. Katika wilaya nzima ya Malappuram hakuna asiyejua kelele za majukwaa yetu ya mianzi. Tulimtukana Ayamu kama tunavyowatukana marefa wote, na mechi ikiisha alipita katikati yetu na kipyenga shingoni akiuliza nani ana suruali ya kupunguza. Tulimtukana, na nguo tulimpelekea. Hiyo ilikuwa kabla ya nusu fainali moja nitakayoisimulia.

Sasa kuna mtu wa pili, na bila yeye nisingekuwa na kipindi leo. Anaitwa Beeran. Beeran ndiye mchora mistari wa uwanja wetu. Ana miaka sitini na moja, na kazi hiyo aliirithi kwa baba yake pamoja na kamba. Kamba ni ya usumba wa nazi, imefungwa mafundo: fundo hili la goli, fundo lile la boksi. Kamati ilishamnunulia futi ya chuma, akawaazima watu wa mahema ya harusi, haijarudi mpaka leo. Beeran alisema kamba ya baba yake inatosha.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi wa tatu, tulikuwa na nusu fainali kati yetu na timu ya Mannarakkal. Asubuhi Beeran alichora uwanja mzima kwa chokaa, akaitupa kamba nyuma ya goli la mashariki, akaenda kula. Adhuhuri ikanyesha mvua ambayo hakuna aliyeitegemea. Uwanja wetu unainamia mashariki, kwa hiyo maji yalikusanyika huko, na chokaa ya huko yote ikaondoka. Beeran alirudi mbio. Watu walishaanza kupanda majukwaani. Aliiokota kamba kwenye dimbwi, akaikamua, akapima boksi la mashariki upya, akachora. Alimaliza timu zikiwa zinaingia.

Dakika za mwisho, tumefungana bao moja kwa moja. Mshambuliaji wetu akaingia upande wa mashariki, beki wa Mannarakkal akamkata miguu, akaanguka. Kipyenga kikalia. Ayamu akakimbia mpaka pale, akatazama chini, akanyoosha mkono. Faulo, lakini nje ya boksi. Nje kwa shubiri mbili. Tukapiga mpira wa adhabu, ukagonga ukuta wa mabeki, mechi ikaisha sare.

Na sare huku kwetu ina maana yake. Nusu fainali ikiisha sare hurudiwa kesho yake, na tiketi hukatwa upya. Kwa hiyo kila sare tunasema kamati imeipanga ili iuze tiketi mara mbili. Mimi Hamsa, mtangazaji wenu, nilikuwa nimekaa jukwaani sawasawa na mlingoti wake wa tatu. Miaka yote mstari wa boksi unalingana na mlingoti wa tatu, kwa sababu mashimo ya milingoti ni yale yale kila msimu. Yule kijana aliangukia upande wa ndani wa mlingoti wa tatu. Niliona kwa macho yangu. Tuliokaa pale tuliona sote. Ile ilikuwa penalti.

"Ayamu, tiketi ngapi?" Aliyeanza simjui. Waliofuata nawajua, maana nilikuwa mmoja wao. Uwanja mzima ukaitikia. Ndala zikaruka. Ayamu akatolewa kwa mlango wa nyuma, na jioni ile ubao wa duka lake ukavunjwa.

Kesho yake mapema Beeran alikwenda kuchora kwa ajili ya mechi ya marudio. Kamba ilikuwa imekauka juani. Aliivuta upande wa mashariki, akafika kwenye fundo, akatazama chini, na mstari wa jana haukuwa pale. Ulikuwa nyuma, karibu na goli, kwa hatua nzima. Kamba ya usumba ikilowa hujikaza, inakuwa fupi, na yeye alijua hivyo tangu utotoni. Alisimama na kopo la chokaa mkononi. Ameniambia hakuwaza chochote. Kisha akaufuta mstari wa jana kwa mguu, akamwagia mchanga, akachora mpya sawasawa na mlingoti wa tatu.

"Hamsa, niliuona ubao wa duka lake umelala mtaroni nikienda uwanjani," ameniambia. "Nikasema moyoni, wangeujua mstari huu, leo wangekuwa kwangu. Nina watoto. Nikasema, yapoe kidogo, nitamwambia."

Marudio tulifungwa. Ayamu hakuchezesha tena. Narudia, maana wengi tumejisahaulisha: Ayamu hakupuliza tena kipyenga mpaka anakufa. Na hayakupoa. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile wanajua kuimba "tiketi ngapi". Ukimpelekea suruali lazima useme, "Usinipimie kama ile penalti." Siku ya harusi ya Ramla, watu wakitafuta viti, mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Ayamu, sisi hapa tuko ndani au nje?" Ukumbi ukaangua kicheko. Ayamu naye akacheka, akaendelea kugawa sahani. Mimi nilicheka. Wala sikufikiria kitu, nilicheka tu.

Siku za mashindano hakwenda uwanjani. Alibaki dukani akishona na mlango wazi, na Biyyathu anasema alikuwa akisikiliza kelele na kumtafsiria. "Hiyo kona." "Hiyo imegonga mwamba." "Hapo refa kakataa goli." Hakusema refa kakosea au hakukosea.

Na Beeran? Beeran alianza kushonesha mashati. Kila mwaka, wiki chache kabla ya mashindano, alinunua kitambaa akaenda kwa Ayamu. Alikuwa anakwenda kusema. Shati lilikuwa kisingizio cha kumfikisha mlangoni. Ayamu anamsimamisha, anampima bega, anampima mkono, anaandika kwa chaki. Kisha anamwuliza, "Haya Beeran, kuna jingine?"

Beeran anajibu, "Kola iwe ndogo."

Miaka kumi na tisa, mashati kumi na tisa. Mwaka huu pia alikwenda, wiki tatu zilizopita. Ayamu alikuwa anakohoa, akampima akiwa ameketi. Akauliza, kuna jingine. Beeran akasema kola iwe ndogo, akaondoka. Jumatatu Ayamu akafa.

Beeran ameniambia kuwa msibani alikula mpaka akaongeza. Alijishangaa. Alitegemea kusikia uchungu, akasikia njaa. Jumanne asubuhi akaamua atalisafisha jina la marehemu kwanza, ndipo aende kwa mjane akiwa na la kumwambia. Akaingia kibandani kwa Kunjan, pale panapojaa watu wa mpira, akaomba chai, akasimama, akawaeleza yote. Mvua, kamba, hatua moja, mchanga.

Kisha Saidali mwenye duka la simu akamwuliza, "Beeran, kamati imekupa nini?"

"Nini?"

"Mashindano si Jumamosi? Mwaka jana majukwaa yalikuwa nusu tupu. Sasa kafa mtu, ghafla mchora mistari kaota. Watu wote watakuja kuangalia huo mstari wa mashariki. Tiketi hizo."

"Saidali, mimi ndiye niliyechora."

"Basi na wewe ulikuwemo," mwingine akadakia. "Refa kapewa bahasha, mchora mistari kapewa ya kwake. Tulijua tu Ayamu hakuwa peke yake."

Kunjan akacheka hadi akamwaga maziwa. "Kaa unywe chai, mzee wa mistari, hii ni ya bure. Mpaka leo hii hakuna aliyekula mlungula akaja kujitangaza mwenyewe."

Beeran akakaa. Akanywa chai. Anasema hakukasirika. Alikuwa ametunza neno moja kwa miaka kumi na tisa, akalitoa, na halikumsaidia mtu. Kwao marehemu alikuwa bado ameuza mechi. Kilichoongezeka ni kwamba sasa wameuza wawili.

Akatoka hapo akaenda kwa Biyyathu mikono mitupu. Ramla alikuwepo, na mengine haya ameyathibitisha yeye, na mama yake ameniruhusu niyaseme hewani. Beeran hakukubali kiti. Alisimama kizingitini.

"Shemeji," akasema, "ule mstari niliukosea mimi. Kamba ilikuwa imelowa. Ayamu alifuata mstari wangu. Nimekaa na neno hili tangu siku ile, na jana nimemzika."

Biyyathu alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Alijua," akasema.

Beeran anasema hakuelewa. Akauliza, alijua nini.

"Alijua siku ile ile. Mtu anayepima watu kwa macho, utamficha hatua nzima? Alirudi hapa na matope ya ndala mgongoni, akaniambia, Beeran kachora boksi fupi. Nikamwambia nenda kawaambie kamati. Akasema refa hutukanwa kila siku, kazoea. Beeran wataichoma nyumba yake. Acha, atasema mwenyewe yakipoa."

Ramla anasema Beeran alikuwa kama mtu anayesikiliza habari za mji mwingine.

"Mwaka wa kwanza ulipoleta kitambaa," Biyyathu akaendelea, "alifurahi, Beeran. Aliniambia nitie chai, huyu leo kaja kusema. Nikatia. Ukasema kola. Mwaka wa pili nikatia chai tena. Kila mwaka ukishaondoka alikuwa anaingia huku ndani, ananiambia, 'Mwaka huu pia, kola tu.' Siku hizi za mwisho hakuwa akisema. Alikuwa anatikisa kichwa, basi."

Kisha akainuka, akatoa shati kwenye mfuko wa dukani, la kumi na tisa, limekunjwa vizuri. Limekamilika kila kitu ila vifungo. Akampa. Beeran akalipokea kwa mikono miwili, akaenda zake.

Leo Beeran amekuja hapa studio. Amekaa ng'ambo ya kioo, nyinyi hammwoni, mimi namwona. Amelivaa shati hilo na amelishika kifuani kwa mkono. Nimemwuliza kama anataka kusema neno kwenu. Amesema mimi niseme, yeye amechelewa.

Basi nasema. Ile ilikuwa penalti, wasikilizaji. Macho yetu hayakutudanganya, na hakuna aliyeuza mechi. Narudia, kwa wale wa kibandani kwa Kunjan ambao najua mnasikiliza na mnacheka: ilikuwa penalti, na hakuna aliyeuza mechi. Mnaweza kusema na mimi kamati imenipa bahasha. Semeni tu. Mimi nilipiga kelele kuliko nyinyi, na nilicheka harusini.

Kwa Biyyathu, kwa Ramla, na kwa kijana wao Shamsu aliyeko Dubai ambaye hakuwahi mazishi: poleni sana. Redio hii iko pamoja nanyi. Mwenyezi Mungu amrehemu Ayamu, ampe pahala pema, na atusamehe tuliokuwa jukwaani.

Jumamosi mashindano yanaanza. Uwanja atauchora Beeran, na safari hii kwa futi ya chuma, tumeitafuta mpaka kwa watu wa mahema. Nilikuwa nimepanga kuwaomba mtulie kidogo, kila mtu mahali alipo, mtafakari. Nimebadili mawazo. Kama kuna mtu una neno la kumwambia, na mtu huyo bado yuko hai, na umekuwa ukienda kwake ukiomba kola ndogo, usikae kunisikiliza mimi. Zima redio hii, uende.