Kezia Yumo Redioni

Mwalimu wa redioni aliposema, “Hamjambo, wanafunzi?” Gharibu aliruka kutoka benchini, akasimama wima, akaitika kwa sauti iliyofika sokoni:

— Hatujambo, mwalimu!

Kahawa yake ikaishia mapajani mwa Reverien. Kijiwe kizima, pale dukani kwa Abdulrahmani mjini Kasulu, kikaangua kicheko. Mtu mzima wa miaka hamsini, aliyezunguka Tabora, Bujumbura na Mombasa, ndiyo maana wakamwita Nauli, leo anaitikia sanduku la mbao! Gharibu akaketi taratibu.

— Nilikuwa nawapima tu, nione nani ana adabu.

— Adabu yako imeniunguza, Nauli, — alisema Reverien, aliyeitwa Profesa kwa kuwa alifika darasa la nne na hajawahi kuacha kulitaja.

— Kelele! — Nsengimana aliwakemea. — Mtanikosesha kumsikia mwanangu!

Hapo wote wakatulia. Kezia, binti yake Nsengimana, alichaguliwa pamoja na wenzake wa kwaya ya shule kwenda Dar es Salaam kuimba katika kipindi cha shule. Leo ndiyo siku ya kumsikia. Tangu asubuhi betri zilianikwa juu ya bati zipate nguvu, na Nsengimana alikuwa amevaa koti la kanisani.

— Yaani sasa hivi anaimba kulekule? — aliuliza.

— Hapana, — alisema Profesa. — Sauti imenaswa zamani kwenye utepe. Sisi tunaletewa utepe.

— Kwa hiyo sauti yake imebaki Dar?

— Imebaki.

— Mana yanje, Mungu wangu! Na yeye atarudi na nini?

Abdulrahmani akajaza vikombe, akatikisa kichwa kwa huruma.

— Shemeji yangu wa Tanga aliwahi kuimba redioni, wallahi. Alirudi amekauka koo. Mwezi mzima anaomba chumvi kwa vidole.

— Hiyo ndogo, — Gharibu alidakia. Hakuwahi kuingia jengo la redio. Aliwahi kulala nje ya ukuta wake akisubiri basi, na kwake hilo lilitosha. — Mimi nimepaona. Mtoto anawekwa nyuma ya kioo, sauti inavutwa kidogokidogo kama maziwa ya ng'ombe. Wakishiba wanafunga bomba. Kinachobaki ndicho chako.

— Wakikosea kufunga? — aliuliza Nsengimana.

— Basi unarudishiwa ya mwingine. Kuna msichana wa Tabora alirudi na sauti ya shangazi wa Kilwa. Baba yake alimwamkia.

Nsengimana akafuta jasho. Redio nayo ikaanza kufifia. Gharibu, kwa toba ya kahawa iliyomwagika, akazitoa betri, akaziuma moja moja kwa magego, akazirudisha. Sauti ikapanda! Watoto wakaanza kuimba, na mmoja wao akatangulia peke yake, kwa sauti nyembamba na safi.

— Ego, naam! Ni yeye! — Nsengimana alilia, sikio limegandana na redio. — Msikieni! Sauti yake mwenyewe, hawajaibadilisha!

Profesa akapiga makofi. Abdulrahmani akaacha wateja. Basi la Kigoma likapita na vumbi lake, hakuna aliyeligeukia.

— Shikamoo, baba, — alisema mtu nyuma yao.

— Marahaba. Nyamaza, mwanangu, tunamsikiliza Kezia.

Gharibu ndiye aliyegeuka. Akamwona binti na kikapu kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Akaitazama redio. Akamtazama binti.

— Nsengimana, — alinong'ona, — geuka.

Nsengimana akageuka. Akamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, huku ule mwingine ukiwa bado umeshika redio. Akacheka, machozi yakimtiririka.

— Kaa hapa, mama, tumsikilize mpaka amalize!

— Baba, — alisema Kezia, — huyo wa redioni alilishwa wali ndipo akaimba. Mimi sijala tangu jana. Twende nyumbani.