Castory Manase na Kopo la Saba

Marehemu Castory Manase alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, kambi ya mkonge karibu na Muheza, mtoto wa pili wa Mzee Manase, aliyeshuka kutoka Njombe kwa mkataba wa mwaka mmoja na hakurudi tena.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, 1957. Gari la sinema lilipokuja kambini, alichapwa kwa kukaa nyuma ya shuka jeupe. Alitaka kuona picha inatokea wapi.

Mwaka 1962 aliajiriwa kwenye gari hilo hilo, kisha akapelekwa ng'ambo miezi tisa kujifunza kamera. Akaongoza filamu za serikali: za vyoo, za chanjo, za mihogo. Ya kwake alitaka moja tu, "Mstari wa Baba". Mkataji wake wa mkonge kwenye filamu hiyo alikuwa Mzee Manase mwenyewe, akirudishwa kwenye mstari wa mkonge mara kumi na moja ili apigwe picha upya.

"Wewe mtoto," mzee alimwambia, "hata mzungu wa shamba hakunisumbua hivi."

Makopo saba ya mikanda yakajaa, 1981. Kusafishwa ili picha zitokee ilibidi yaende nje, maana mkanda ukiona mwanga kabla ya hapo picha hufutika, na nchi haikuwa na fedha za kigeni hata za dawa. Yakasubiri kwenye friji ya duka la barafu la Bwana Fidahussein, Usagara, joto lisiyaharibu. Katikati ya kusubiri huko Mzee Manase akafariki. Hakuacha hata picha ya kitambulisho.

Aprili 1983, wakati wa msako wa walanguzi walioficha bidhaa, Castory alikuwa Dar es Salaam na kopo moja, la saba, akibembeleza wakubwa walisafirishe. Dukani alikuwepo kaka yake, Msafiri, ndiye anayesoma haya.

"Shikamoo mzee. Humo mna nini, sukari?" mpekuzi alimuuliza Bwana Fidahussein.

"Sinema."

"Sinema inakaa kwenye friji kama samaki?"

Kaka mtu, ili kumwokoa Bwana Fidahussein asikamatwe, akafungua makopo yote sita, akaivuta mikanda juani. "Ona mwenyewe! Haina hata picha!"

Wakacheka, wakaondoka. Castory aliporudi alisema neno moja tu: "Kaka, baba alikuwa humo."

Ndoa imesahaulika hapo juu: alimwoa Elizabeti, 1968, wakapata Ruthi na Praxeda.

Biashara huria ilipofunguliwa, kila mtaa ukawa na banda la video za karate. Castory akapiga video za harusi. Kwa binti wa Fidahussein, Nazlin, alimrudisha bwana harusi mlangoni: "Ingia tena, bwana. Umeingia kama mwizi wa kuku."

Mwaka 1992 alipata njia ya kulisafisha lile kopo la saba. Akakataa. "Nikikuta jeupe, halina picha, nitabaki na nini?"

Kisukari kilianza 1993, kikachukua macho, kisha figo. Alifariki nyumbani Ijumaa, 9 Agosti 1996. Usiku wake wa mwisho alilipapasa kopo, kuhakikisha utepe unaoliziba haujabanduka.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu wanne, na kaka mmoja ambaye hakuwahi kulaumiwa kwa sauti. Kopo linashuka naye kaburini leo. Asilifungue mtu.

Mungu amlaze pema, na amwonyeshe baba.