Mawe Aliyoyaomba Hadji Asmani

Marehemu tunayemzika leo hapa Rumonge, tarehe 14 Machi 1912, mlimjua kwa jina la Hadji Asmani bin Salimu wa Bagamoyo. Katika jina hilo refu, neno lililo na ukweli ni "bin" peke yake, kwa kuwa kweli alizaliwa na mtu.

Alizaliwa Magara, yapata mwaka 1856, katika nyumba ya nyasi iliyonuka samaki. Mama yake, Ntirampeba, aliwaanika ndagala, dagaa wa ziwa hili, mchangani na kuwapandisha milimani kubadilishana na maharage. Mtoto aliitwa Nyabenda. Alikuwa na desturi moja: akidanganya, alinyonya mdomo wa chini, na mama yake alimpa nafasi amalize uongo wote kabla ya kumwambia auteme huo mdomo. Baada yake alizaliwa dada yake, Mwamini, ambaye naye alipokuwa mkubwa alisilimu na kubadili jina, ila hakuona haja ya kubadili na mama.

Kuhusu elimu, mwaka 1870 mitumbwi ya wafanyabiashara wa Ujiji ilitua Magara kutafuta pembe na chakula. Wengine wa ufuko huu waliondoka na kamba shingoni. Nyabenda aliondoka kwa miguu yake, akifuata kitambaa chekundu. Huko Ujiji alijifunza Kiswahili, sala, na namna ya kushika kikombe cha kahawa. Aliporudi, mwaka 1884, alikuwa Asmani, mwungwana wa Bagamoyo, na Kirundi chote kilikuwa kimemtoka, isipokuwa alipoumwa na jino. Bahari alikuwa hajawahi kuiona. Walipomuuliza ikoje, alisema ni kama ziwa hili, lakini chumvi imezidi kidogo.

Mwaka 1888 alimwoa Mwanahamisi, binti wa fundi mitumbwi. "Mimi nimeolewa na bahari," Mwanahamisi aliwaambia wenzake kisimani, na wenzake hawakusahau kumkumbusha. Walipata watoto watatu, wakalelewa wakijua kwamba bibi yao anakaa Bagamoyo katika nyumba ya mawe.

Kazi yake kubwa ilikuwa ukalimani wa Wajerumani, kuanzia mwaka 1899, kwanza Usumbura, kisha barazani hapa. Mzungu akisema neno moja, Asmani alitoa kumi, tisa yakiwa ya kujikuza mwenyewe. Na kwa kuwa mwungwana wa Bagamoyo hawezi kujua Kirundi, ilibidi aajiriwe mkalimani wa kumkalimania mkalimani. Huyo ni Mzee Ramazani, aliyesimama pale. Kijerumani kilimfikia Asmani, Kiswahili kilimfikia Ramazani, na Kirundi kikawafikia wenye shida zao, kikiwa kimechoka.

Mwaka 1903 Ntirampeba alikuja barazani. Ndugu wa mumewe walikuwa wamempokonya shamba la migomba. Alikaa chini, akamtazama mkalimani kwenye kiti chake, akasema maneno mengi. Ramazani akakohoa.

"Sema," Asmani akamwambia.

"Bwana, ameacha mambo ya shamba."

"Anasema nini?"

"Anasema umekonda. Anauliza kama huko kwako wanakupikia."

Watu wakacheka. Asmani akanyonya mdomo wa chini. "Mwambie simujui. Mama yangu mimi iko Bagamoyo."

Ramazani akatafsiri, kwa kuwa ndiyo kazi aliyolipwa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa ufupi, akainuka.

"Anasema nini tena?"

"Anasema haya. Huyo wa Bagamoyo basi akupikie vizuri."

Shamba hakurudishiwa. Alifariki mwaka 1906, akazikwa Magara. Mwamini alikuwepo, Ramazani alikuwepo. Mkalimani alikuwa na kazi nyingi.

Watu husema binadamu hukua: mtoto huwa kijana, kijana huwa mzee, na kila umri humwongezea kitu. Huyu hakukua, alihama. Ujanani alikuwa mlevi na mwenye ngumi. Alipopata kiti cha baraza, aliwacharaza viboko walevi. Alipopita miaka hamsini alihamia kwenye ucha Mungu, na walevi wakaombewa dua wasiyoitaka. Mwaka 1908 alifuatana na mizigo ya serikali hadi Dar es Salaam, akapotea miezi tisa, akarudi na kilemba akijiita Hadji. Mwalimu Amissi, anayeongoza mazishi haya, alimuuliza kwa adabu kisima cha Zamzam kikoje. "Kikubwa," akasema Hadji, "na ndagala wake ni watamu sana." Kila alipohama alifunga mlango nyuma yake, na waliobaki ndani hakuwauliza hali.

Mwaka jana alipata malale, akapelekwa kambi ya wagonjwa. Ugonjwa huo ulimvua alichovaa, nguo moja baada ya nyingine. Kilianza kumtoka Kijerumani. Zikafuata dua. Bagamoyo ikaondoka bila kuaga, na Kiswahili nyuma yake. Kufikia Januari alibaki na neno moja alilolirudia kutwa: "Mawe. Mawe."

Mhudumu wa kambi, mtu wa Ujiji mwenye huruma, alimletea jiwe zuri la ziwani akaliweka kando ya mkeka. Mgonjwa akalia. Akamwongezea la pili. Mwanahamisi aliposikia alifurahi. "Anakumbuka nyumba ya kwao," akasema. Basi wanawe walijaza mtumbwi mawe ili wamjengee kaburi la kiungwana. Ndiyo yale mnayoyaona, yamerundikwa karibu na njia.

Mwezi wa Februari Mwamini alifika kambini, akasimama mlangoni, akasikia. Hakuuliza mtu. Alikaa mkekani akayasukuma mawe yale kwa mguu, akajibu kwa sauti ambayo wazee wa Magara husema aliirithi: "Ndi hano, mwana wanje." Nipo hapa, mwanangu. Mgonjwa akanyamaza, akalala. Tangu siku hiyo dada akawa anaitika kila siku kwa niaba ya marehemu mama yao, hadi alfajiri ya leo, kaka yake alipokata roho.

Asubuhi hii ikazuka shida. Katika talkini, maneno anayosomewa maiti kaburini, huitwa kwa jina la mama yake, na Mwalimu Amissi aliuliza amwite mwana wa nani. Mwanahamisi akamtaja Bi Zuhura wa Bagamoyo. Mwamini akamtaja Ntirampeba wa Magara. Mwalimu, mpenda amani, akasema asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa.

"Hawa ni wa watu wote, Mwalimu," Mwamini akasema. "Huyu alikuwa na wake."

"Wifi, unataka batoto bangu baitwe wajukuu wa muuza ndagala?"

"Wamezila tangu wamezaliwa, wifi. Ulidhani nazileta kutoka Bagamoyo?"

Mwalimu akamgeukia Ramazani. "Mzee, mawe ni nini?"

"Kwa Kiswahili ni mawe. Kwa Kirundi ni mama yangu."

"Na marehemu alisema kwa lugha gani?"

"Ile aliyosema haijui."

Mwanahamisi alijifunika uso kwa kanga. Kisha akasema, "Miaka yote hii niliyempikia ni mimi. Haya, aitwe mwana wa mama yake."

Marehemu ameacha mjane, Mwanahamisi, watoto watatu, ambao leo wamepata bibi, wajukuu saba, na dada, Mwamini. Ameacha pia mtumbwi mzima wa mawe ambayo hakuyaomba. Mwenye haja ayachukue, yanafaa kwa mafiga.

Kaburi likishafukiwa, Mwalimu atakaa upande wa kichwa na kumwita: Asmani, mwana wa Ntirampeba. Jina hilo, kwa wasiojua Kirundi na wanaojifanya hawakijui, maana yake ni kwamba Mungu bado hajanitupa. Safari hii hakuna mkalimani katikati. Na apumzike kwa amani, maana hana tena pa kuhamia.