Fundi wa Vigae na Siku Aliyotamani Kuiona

Nyinyi wa ghorofa za juu hamna haya. Mnashuka karakana pale tu mguu wa kiti unapolegea, mnaomba gundi, mnaondoka hata chai hamjamaliza. Wengine sijawaona tangu mwaka juzi. Leo mmeshika karatasi hii ya sherehe na mnajifanya mna huzuni. Mtu amekaa chini ya miguu yenu miaka thelathini na mmoja akiunga vyombo vya kale vya jumba hili la makumbusho, na tarehe thelathini mwezi huu anastaafu. Kama hamkumfahamu, kosa ni lenu. Kaeni niwaeleze.

Sisi tunamwita Gundi. Jina lake halisi analijua mkewe na mhasibu. Mimi nilikuwa mfagiaji wa karakana alipokuja. Nilistaafu kabla yake, nikarudi kupika chai kwa sababu nyumbani nilikosa wa kumgombeza. Shule sikuiona hata kwa dirisha, kwa hiyo maneno haya ni yangu, na vidole vinavyobofya ni vya binti wa tiketi. Akichomekea lake nitamjua.

Alikuja kijana mwembamba, na siku ya kwanza akanikataza kufagia chumba chake. Nilitaka kumpa ufagio wa mgongo. Kumbe alitaka takataka zote zipite kwanza kwenye chekeche, maana kipande kidogo kama punje ya mchele kinaweza kuwa ndicho kinachoshikilia mdomo wa bakuli zima. Tangu hapo nikawa nachekecha vumbi kama unga. Mlinzi wa lango akaeneza kwamba mimi na Gundi tumefungua kiwanda cha mikate ya vumbi.

Yale mabakuli ya buluu ya ukumbi wa pili, yaliyosagika rafu ilipoanguka, aliyaunga yeye. Taa ya udongo mnayopenda kupiga nayo picha, shingo yake ilikuwa vipande kumi na moja. Lakini chai yake mwenyewe aliinywea kikombe kisicho na mkono, chenye ufa kuanzia juu hadi chini. Mfinyanzi hulia gaeni, wahenga hawakukosea. Niliwahi kumnunulia kikombe kipya, akakitia brashi.

Sasa niwaambie habari ya mtungi.

Ulikuja katika masanduku manane, vigae vitupu. Wachimba mtaro wa maji ndio waliougonga. Gundi alivimwaga juu ya meza, akavitazama mpaka chai ikapoa. Wiki ile ile, mezani kwangu, mlinzi alizua mchezo. Kila mtu aseme: ukipewa ruhusa moja tu ya kurudi nyuma ukashuhudie jambo la kale kwa macho yako, ungechagua lipi? Mlinzi mwenyewe alitaka vita vikubwa vya wafalme, ila yeye awe juu ya mti. Binti wa tiketi alitaka harusi ya yule malkia mwenye shanga za kabati la tatu, aone kama kweli alicheka. Mhasibu alitaka siku pesa ilipobuniwa, aizuie. Mimi nilisema siku moto ulipowashwa mara ya kwanza, nimjue aliyeungua.

Gundi akasema angeomba kuwapo siku mtungi ule ulipotoka jokoni, kwenye tanuri la vyungu, ukiwa bado na joto, aione mikono iliyoupokea.

Tulimcheka sana. Mlinzi akamwambia, "Kaka, dunia nzima umefunguliwa, wewe unachagua jikoni?" Gundi akainua kikombe chake. Akarudi kwa vigae vyake.

Kazi ile ilimla miaka mitatu. Alivisimamisha vigae kwenye beseni la mchanga gundi ikauke, kimoja leo, kingine kesho. Alikuwa amekwisha kusema waziwazi kwamba huo ndio mtungi wake wa mwisho, na kwamba hataki kuuacha kwenye masanduku. Sote tulijua maana yake. Hakuna fundi mwingine aliyeajiriwa. Akiondoka haujaisha, vigae vinarudi ghalani, na ghala letu mnalijua, kinachoingia humo kinasahaulika kama deni la mjomba.

Basi ikabaki miezi mitano, na kigae kimoja mkononi. Kikakataa kuingia.

Hapo ndipo penye kosa ambalo ni la watu wa kazi hii tu. Kigae kile kilikuwa kipana upande wa ndani kuliko upande wa nje. Kilitakiwa kuwekwa kabla ya jirani zake, na Gundi alikuwa amekwisha kuwaunga jirani wote wawili. Ni sawa na kufunga mlango kwa komeo huku mwenye nyumba bado yuko nje. Fundi wa miaka thelathini akafanya kosa la mwanafunzi. Alikaa chini, akakitia kigae mfukoni, akakitoa, akakitia tena.

Mkurugenzi alishuka, na nampa haki yake, alikuja kwa upole. Akashauri kipigwe msasa kidogo ukingoni, au pengo lizibwe kwa plasta na kupakwa rangi, nani atajua? Gundi akamjibu, "Bosi, maiti asipoenea jeneza hapigwi randa yeye."

Akaufumua mtungi wote.

Mimi nilimfokea. Nilimwambia, "Mdogo wangu, una kichwa kigumu kuliko hicho kigae. Macho yamechoka, mikono inatetemeka, na siku zenyewe ndizo hizo chache." Alikuwa anapaka dawa ya kuyeyusha gundi, ile inayonuka kama rangi ya kucha, na machozi yanamtoka, sikujua ni ya dawa au ya nini. Akaniambia tu, "Dada, niletee chai." Nikaleta. Tangu siku ile nilimletea bila kuitwa, na nilikuwa nimeona vizuri kwamba anaogopa.

Mara hii alianza kwa mdomo, mtungi ukiwa kichwa chini, ili asifungiwe tena nje. Kwa hiyo shingo ndiyo iliyokamilika kwanza, imelala mezani kama bangili kubwa, ndani yake wazi. Asubuhi moja jua la dirisha dogo likaipiga kwa ubavu. Nikasikia kimya cha ajabu, nikaingia.

Ndani ya shingo kulikuwa na mabonyeo. Tulikuwa tunayajua. Yeye mwenyewe zamani aliandika kwenye kadi kwamba ni mapambo yaliyofutika kwa kuchakaa. Lakini sasa duara lilikuwa limetimia, na kila mahali mabonyeo yalikuwa yale yale: mawili makubwa, nafasi, moja dogo. Mawili, nafasi, moja. Kuzunguka kote. Hapakuwa na kilichofutika. Ulikuwa mkono wa kushoto ulioishikilia shingo kwa ndani wakati ule wa kulia ukilainisha nje, na mkono huo haukuwa na kidole cha pete.

Akatuita wote. Mkurugenzi alishuka na miwani mkononi. Mimi nimefagia chini ya viti vya wafalme katika jumba hili, nimepangusa mapanga yaliyoua watu, na ngozi haijawahi kunisisimka. Siku ile nilishika meza. Huyu hakuwa mfalme wala malkia. Alikuwa mtu, na kidole chake alikipotezea mahali ambapo hatutapajua, na maumivu yake yalikwisha, na akaendelea na kazi. Udongo ulikuwa bado umemshika mkono.

Gundi alikunja kidole chake cha pete. Akaingiza mkono wa kushoto, akaviweka vidole vitatu mahali pake. Vikaenea. Akasema, polepole kama anavyosema kwa mtu aliyemzidi umri, "Shikamoo."

Hakuna aliyecheka, hata mlinzi. Tulisimama pale, watu wazima na akili zetu, tukingoja kuitikiwa.

Baada ya siku ile hakuogopa tena. Alifanya kazi kama mtu mwenye mwenzake mezani. Alhamisi iliyopita kigae kilichokuwa kimekataa kiliingia kwa zamu yake, kwa sauti ndogo ya kikombe kinachotua kwenye kisahani. Mtungi unasimama. Kwenye kadi palikuwa pameandikwa kwamba mtengenezaji hajulikani. Gundi ameomba maneno hayo yafutwe, na sasa pameandikwa: Kazi ya fundi aliyekuwa na vidole vinne mkono wa kushoto.

Sisi tulioomba vita na harusi hatukupewa kitu. Yeye aliomba mikono.

Wifi yangu, tunakushukuru kwa kutuazima mumeo miaka yote hii na kumfua harufu ya dawa. Tunamrudisha mzima, vipande vyote vipo. Sahani ikivunjika nyumbani, itupe kabla hajaiona, la sivyo mtakula kwenye sufuria mpaka mwaka kesho kutwa.

Na wewe, mdogo wangu, uishi sana, ulale mpaka jua likuchome, wajukuu wakuchoshe. Siku utakapokuja kututembelea, usinipitie kwa mlango wa karakana. Pita mlango mkuu kama mgeni, na binti wa tiketi ameshaambiwa. Nenda ukumbi wa kwanza, simama mbele ya kabati, uutazame mtungi wako kwa mbali. Miaka mitatu umeuona kwa pua tu, hujawahi kuuona ukiwa mtungi. Tazama mpaka utosheke, kisha ushuke, chai itakuwa tayari.