Kilomita Tatu kwa Rula: Risala ya Wakazi wa Riplekharka

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Utawala wa Jimbo. Maafisa ulioongozana nao. Mwenyekiti wa kata, ambaye leo tumebahatika kumwona kwa karibu. Wazee wetu, akina mama na wanafunzi: Namaste.

Kukukaribisha

Sisi, wakazi wa Riplekharka, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Pale ilipotua helikopta yako palikuwa shamba la ulezi la kaka Purna Bahadur. Tuliarifiwa juzi, kwa hiyo tumeufyeka ungali wa kijani. Mwenyewe amesema haina neno, na amelisema hilo mara nne tangu asubuhi.

Tunajua risala haitakiwi kuwa na hasira. Hii ni ya pili kuandikwa. Ya kwanza mwalimu aliisoma, akavua miwani, akatuomba tuanze upya.

Mahali tulipo

Vitabu vya shule vinasema nchi yetu ina mikanda mitatu: tambarare kusini, vilima katikati, theluji kaskazini. Sisi tumo kwenye vilima, na aliyeviita vilima hakuvipanda. Kijiji hiki kiko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Mto Kalokhola, huko chini ya korongo, uko mita 1,200. Bhirkuna, iliko ofisi ya kata, iko mita 2,250. Kutoka hapo ulipoketi, bendera ya ofisi unaiona. Kushuka ni saa tatu na kupanda ni saa nne, hiyo ikiwa mlima haujaporomoka na mto haujachukua daraja la magogo. Likichukuliwa, tunazunguka siku mbili.

Tulikotoka

Bibi Nausari Pun, yule mwenye shali nyekundu safu ya mbele, ana miaka themanini na mmoja na ameishi chini ya katiba saba. Ya kwanza ilitolewa na mawaziri wakuu wa ukoo wa Rana, na wao wenyewe hawakuitumia. Ya pili iliitwa ya muda, ikakaa miaka minane. Ya tatu ilileta uchaguzi, na mwaka mmoja na nusu baadaye mfalme akaitimua serikali tuliyoichagua. Ya nne haikutaka vyama. Ya tano ikavirudisha. Ya sita iliitwa ya muda tena, vita vilipokwisha, na mfalme akaenda zake. Ya saba ndiyo hii ya majimbo. Kuanzia ya tatu Bibi Nausari amezipokea zote kwa kuwasha taa ya mafuta dirishani, na zote zimempita bila kumpa cheti cha uraia.

Walipokuja vijana wa kukusanya maoni ya katiba, walimkuta akipepeta mahindi.

"Bibi, ungependa katiba iseme nini?"

"Iseme hapa pana korongo."

"Hilo si jambo la katiba, Bibi."

"Basi mmekuja kuniuliza nini?"

Waliandika kwamba mwananchi anaunga mkono.

Chini ya katiba ya nne, ya tano na ya sita, ofisi ya kijiji ilikuwa hapa hapa, hatua arobaini kutoka bombani. Ilipokuja ya saba tukaambiwa serikali ya Kathmandu inahamia mlangoni petu. Vijiji vikaunganishwa, ofisi ikapelekwa Bhirkuna. Ni kweli, ukisimama mlangoni unaiona. Kuifikia ndiyo kazi.

Tuliyofanikiwa

Tumevuta maji kwa bomba kutoka chemchemi ya juu. Tumejenga madarasa mawili kwa mawe yetu. Mafanikio mengine tunayatafuta.

Yanayotukwaza

Mheshimiwa, tumechoka. Mtoto akizaliwa, barua ya kata. Mtu akifa, barua ya kata. Uraia hauanzi bila barua ya kata, na mwombaji lazima afike mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa Asoj, wajukuu wawili wa Bibi Nausari walimbeba kwenye doko, kikapu kile cha mgongoni tunachobebea kuni, wakipokezana. Walifika Bhirkuna saa kumi jioni, mtandao umekatika. Wakalala kwa watu. Kesho yake ofisi ilifungwa kwa sababu ilikuwa Sikukuu ya Katiba. Siku ya tatu karani aliitazama picha ya Bibi, akairudisha.

"Picha haionyeshi masikio yote mawili."

Bibi akavua kitambaa. "Masikio haya hapa, mwanangu. Hesabu."

"Mimi nayaona, Bibi. Picha ndiyo haiyaoni."

Akarudishwa kwenye doko. Walipofika mtoni alisema hataki kufa kama mgeni katika nyumba aliyozaliwa. Tangu siku hiyo goti lake la kushoto halikunjiki.

Mwezi wa Chait, miezi sita baadaye, alipanda juu ya paa kwa ngazi, sisi tukimkataza, akampigia karani simu.

"Unaniona? Nimevaa nyekundu."

"Naona kitu chekundu, Bibi. Labda ni pilipili zimeanikwa."

"Napunga mkono. Pilipili hupunga mkono?"

"Bibi, sheria inasema ufike mbele ya afisa."

"Niko mbele yako. Katikati pana hewa tu."

Tuliomba meza ya huduma, afisa mmoja na muhuri wake, siku mbili kwa mwezi. Kamati yako ilijibu kwamba meza ni kwa vijiji vilivyo zaidi ya kilomita tano kutoka ofisini, na Riplekharka iko kilomita tatu. Walipima kwa rula juu ya ramani, na kwenye ramani korongo letu ni mstari wa kalamu ya bluu. Tunaarifiwa orodha ya waliokataliwa imo kwenye mkoba wako na utaitia saini leo, Bhirkuna, baada ya chakula.

Tunayoomba

Hatuombi daraja. Tunaomba neno moja tu: kabla ya kutia saini, uende Bhirkuna kwa njia yetu.

Chini ya kiti chako pana raba mpya, namba arobaini na mbili. Namba tuliipata kwa mlinzi wako, tunaomba asigombezwe. Ukichoka, doko lipo, na wajukuu wale wawili wako tayari. Bibi Nausari ataenda nawe kwa doko lake, akiwa na picha mpya yenye masikio yote mawili. Amesema wewe utangulie, maana yeye njia anaijua.

Sasa ni saa nne asubuhi. Chakula chako Bhirkuna kitapakuliwa saa saba. Kwa rula ya kamati, utawahi.

Miungu ya mlima huu ikulinde magoti, ikushushe salama na ikupandishe salama.

Ni sisi,
Wakazi wa Riplekharka, kaya sitini na nne.
Imesomwa na Jitmaya Gharti, katibu.