Koti la Kijivu la Fundi Nafasi

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano wa karani wa posta na mama ambaye jiko lake lilijulikana mtaa mzima. Nyumba yao ilikuwa ya pembeni, mlango wa mbele haukufungwa mpaka watu walale, na kila aliyepita kusalimia aliwekewa sahani kabla hajaulizwa shida yake. Mama huyo hakujua kupika kidogo. Mafuta aliyamimina bila kupima. Mtoto aliyeacha chakula hakugombezwa, aliulizwa tu, kwa sauti ya chini, "Nimekukosea nini?" Watoto wote watano walikua wakiliogopa swali hilo kuliko fimbo. Marehemu alipenda kusimulia kwamba siku moja, akiwa bado mdogo, alikula sahani yake na ya mdogo wake wa kike aliyekuwa na homa, ili mama asiulize. Akaenda kutapika nyuma ya nyumba. Aliporudi mezani, mama akafurahi kuona sahani mbili tupu, akamwongeza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Alimaliza akiwa wa pili darasani, si wa kumi kama inavyosimuliwa. Hakuendelea na sekondari kwa sababu baba yake alifariki mwaka huohuo, wala si kwa uzito wa kichwa. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji wa nguo za kiume mwaka 1976 kwa daraja la kwanza. Cheti chake kiko ukutani sebuleni kwa yeyote anayetaka kuhakikisha.

Alifanya kazi chini ya mafundi wengine mpaka Julai 1983, alipofungua chumba chake mwenyewe mtaa wa nyuma ya soko, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi. Alianza na cherehani moja, meza ya kukatia na pasi ya mkaa. Jina la Fundi Nafasi alipewa na wateja. Kila aliyepimwa suruali aliulizwa, "Nikuachie nafasi?" maana alikuwa na kawaida ya kukunja kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa kiuno, ili mwenyewe akinenepa suruali ifunguliwe badala ya kutupwa. Wengi walijitia kukataa.

"Mimi sinenepi, fundi."

"Sawa, mzee. Basi hii nafasi ni ya suruali," alijibu huku akikunja.

Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Walirudi kufunguliwa. Wapo hapa leo, na wanajijua.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa sekondari mwenye shahada, jambo ambalo baadhi ya watu hawakuchoka kulitaja, na si kwa sifa. Ilisemwa kwamba msomi hatajua kupika. Alipika. Kwa miaka thelathini alipika kama mama mkwe alivyomfundisha, mafuta juu ya mafuta, nyama mpaka mchuzi unasimama wenyewe, na kila Jumapili nyumba yake ilijaa ndugu. Hakuna mtu aliyetoka pale na njaa, na wengi walitoka na vifurushi. Hili linaandikwa hapa kwa sababu baadaye lilisahaulika haraka sana. Ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili, na marehemu hakuwahi kulala nje ya nyumba yake hata kwa hasira.

Mnamo Mei 2017 alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Alidhani ni macho ya uzee, akanunua miwani, uzi ukakataa. Hospitali walimpima, wakakuta sukari imepanda na presha imepanda. Daktari alimtaka apunguze wali, mafuta, chumvi na chai ya sukari, ale mboga na maharage kwa wingi, na atembee. Mkewe alirudi nyumbani akabadilisha jiko siku hiyohiyo. Jioni hiyo marehemu aliitazama sahani yake kwa muda.

"Mwalimu, hiki ni chakula au adhabu?"

"Ni chakula. Adhabu ni kile ulichokuwa unakula."

Alicheka, akala. Wiki za kwanza alinung'unika, kisha ulimi ukazoea. Mkewe alijifunza kutia limau mahali pa chumvi, kuchoma badala ya kukaanga, na kupika mboga zisilegee. Marehemu naye akawa anatembea kwenda kazini. Mwaka uliofuata sukari ilishuka, presha ikatulia, na daktari akamwambia, "Mzee, endelea hivyohivyo, utatuzika sisi." Aliporudi dukani alitunga uzi kwa jaribio la kwanza, akamwita kinyozi aje kushuhudia. Hiyo ilikuwa miaka yake mizuri.

Familia imeomba aya zinazofuata zisomwe zote, bila kufupishwa.

Marehemu alikuwa amepungua. Mtu anayepona sukari hupungua, na kwa marehemu ilikuwa ni afya. Kwa macho ya ndugu ilikuwa ni aibu, na aibu ikatafutiwa mwenyewe. Kwenye harusi ya mpwa wake, Agosti 2019, mdogo wake wa kike alimshika mashavu mbele ya watu.

"Kaka, umebaki shingo na masikio! Huko kwako mnafunga?" Watu wakaangua kicheko. Akamgeukia mkewe. "Wifi, umesoma mpaka umesahau kupakua?"

"Ni sukari, wifi. Daktari ndiye aliyepanga chakula chake."

"Daktari hakumzaa."

Aliyejibu hivyo naye hakumzaa. Lakini neno lilishatoka, na tangu siku hiyo likatembea nyumba kwa nyumba: kwamba mwalimu ni mchoyo, kwamba anampimia mume kijiko, kwamba anamtaka afe mapema. Sufuria zenye vifuniko zikaanza kuletwa mlangoni. Mkewe alizipokea kwa shukrani, akawagawia majirani kilichomo, akazirudisha zimeoshwa. Hilo nalo likasemwa.

Marehemu alirudi kwenye cherehani yake. Alijishonea koti la kijivu, pana, lenye bitana nzito. Jua lilikuwa kali, na mkewe alipouliza aliambiwa asubuhi kuna ubaridi. Kuanzia hapo, Jumapili alivaa koti lake na kupeleka mwenyewe nguo za ndugu zilizokuwa tayari, kazi ambayo zamani aliachia wenye nguo waifuate. Jioni alirudi akisema hana njaa, amekula karanga dukani. Alipimwa, sukari ikawa imepanda tena. Mkewe akapunguza zaidi kilichokuwa jikoni, maana alidhani kosa liko kwenye chungu chake.

Jumapili ya tarehe 5 Februari 2023, marehemu alianguka mezani nyumbani kwa mdogo wake wa kike, kijiko kikiwa mkononi. Ilikuwa ni nyumba ya tatu siku hiyo, na katika zile mbili za mwanzo pia alikuwa amekalishwa na kupakuliwa. Alipelekwa hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Muuguzi alimkabidhi mkewe nguo zake.

"Mama, hili koti mbona zito hivi?"

Mkewe aliufumua mshono pale pale kwenye benchi la korido. Ndani kulikuwa na pamba. Pamba mabegani, pamba kifuani, na tumboni imepangwa tabaka kwa tabaka, imeshonewa kwa mishono midogo iliyonyooka, kazi safi ya fundi wa daraja la kwanza. Alikuwa amejishonea unene.

Siku ya pili yake ulimi ulimrudia kidogo, upande mmoja. Mkewe alimuuliza pamba ni ya nini.

"Walikuwa wanasema hunilishi."

"Si wangesema tu?"

"Wanakusema wewe." Alipumzika, akatafuta maneno. "Nikila kwao, wananyamaza. Nilikuwa nakula ili usisemwe."

"Mimi ningesemwa, ningepona," mkewe alimwambia.

Marehemu alimshika kidole gumba, akakizungusha taratibu kama afanyavyo mtu anayekagua kitambaa. Alifariki dunia Ijumaa, tarehe 10 Februari 2023, alfajiri.

Tangu juzi, kwenye viti vya uani kwake, imesikika kwamba marehemu aliisha kwa njaa. Daktari ameandika kiharusi kilichotokana na presha na kisukari. Hakuna hospitali inayoandika kiharusi cha njaa. Familia haimtuhumu mtu yeyote kwa nia mbaya. Hakuna sahani aliyopewa marehemu iliyokuwa na chuki ndani yake. Zote zilikuwa na mafuta. Alipendwa, na waliompenda walitaka waone anapendwa, waone kwa macho, kiunoni na mashavuni. Yeye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akawapa walichotaka kuona.

Alikuwa mtu mpole, mcheshi, asiyeharibu kitambaa cha mtu. Hakuwahi kumdhalilisha mkewe mbele ya watu wala nyuma yao, na mkewe hatakubali marehemu adhalilishwe kwa kusemwa kwamba nyumba yake ilikosa chakula. Ilikuwa ni nyumba pekee iliyokuwa ikimtibu.

Ameacha mjane, mdogo wake wa kike na kaka yake mkubwa, binti mmoja ambaye ni mhasibu, wajukuu watatu, na mtoto wake wa kwanza, fundi umeme, mwenye umri wa miaka thelathini na tano. Huyu fundi umeme alipimwa Novemba iliyopita, akakutwa na sukari. Anafuata masharti, na ameanza kupungua. Jana, kwenye msiba wa baba yake, shangazi yake alimletea sahani iliyojaa mpaka inamwagika, akamwambia, "Kula, mwanangu, usije ukaisha kama baba yako." Kijana alimtazama mama yake, akamtazama shangazi, akapokea kwa mikono miwili.

Baba amefika mahali ambapo hana tena wa kumridhisha. Apumzike huko kwa utulivu. Mtoto bado yuko nasi, na leo mtaketi naye. Mpeni maji, mpeni mazungumzo. Akisema ameshiba, mwaminini.